Subira si Kuficha Maumivu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake wote.



Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, na sote tumesoma katika madrasa hii. Tumeombwa tuandike juu ya mtihani uliotufika mwaka 1443 Hijria, yaani 2022. Majina yetu hatutayaandika. Wengi wenu mnatujua, na asiyetujua hahitaji majina ili apate funzo. Mmoja wetu ndiye aliyeumia, naye tutamwita mgonjwa. Mwingine ni mkubwa wake aliyemuuguza, naye tutamwita kaka. Kila mmoja amesimulia upande wake, na yote yaliyomo humu tumeyakubali sote wawili.

Katikati ya mwezi wa Rajab, baada ya darasa la Alasiri, tulirudi nyumbani juu ya baiskeli moja. Kaka aliendesha na mdogo alikaa kwenye keria. Mipira ya breki ilikuwa imekwisha. Mama alishatoa pesa inunuliwe mipya, lakini kaka aliitumia pesa ile kwa mambo yake, akisema kesho atanunua. Kwenye mteremko tulikuta lori la mchanga limeegeshwa. Kaka alibana breki, baiskeli isishike. Yeye aliangukia mchangani akachubuka viganja. Mdogo aligonga bodi la lori kwa mguu wa kulia. Mfupa wa muundi ulivunjika na ncha yake ikatoboa ngozi.

Watu waliokuwapo, Allah awalipe kheri, hawakuuvuta mguu wala kuukanda. Waliufunika kwa kanga safi, wakaufunga na vipande viwili vya mbao usicheze, wakatupakia kwenye bajaji hadi hospitalini. Baadaye daktari alituambia kuwa walifanya vizuri. Mfupa uliotoboa ngozi umefungua njia ya vijidudu, na kila unapochezewa madhara huongezeka.

Usiku ule ule alifanyiwa upasuaji. Kidonda kilioshwa kwa maji mengi, akachomwa sindano ya pepopunda na kuanzishiwa dawa za kuua vijidudu. Kisha wakamwekea vyuma vinne vilivyoingia mfupani na kutokeza nje ya ngozi, vikaunganishwa kwa fimbo moja ya chuma. Mama aliuliza kwa nini wasimfunge plasta kama watoto wengine. Daktari akamjibu kuwa plasta ingekifunika kidonda, na kidonda kile kilihitaji kuonekana na kusafishwa kila siku.

Baada ya siku kumi na mbili tuliruhusiwa. Tulipewa maagizo manne. Matundu ya vyuma yasafishwe kila siku. Mguu ulale juu ya mito. Dawa zote, pamoja na za maumivu, zimezwe kwa saa zake. Na tukiona usaha, harufu, joto au homa, au vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, turudi mara moja.

Hapa ndipo kosa letu linapoanzia.

Wageni walikuja wengi, kama ilivyo desturi yetu Waislamu kumzuru mgonjwa. Walimwona amelala kimya, wakasema, "Mashaallah, kijana huyu ana subira, hata kite hapigi!" Mzee mmoja alitusimulia habari za Urwa bin Zubeir, yule tabiina mkubwa aliyekatwa mguu kwa maradhi akasubiri. Mgonjwa wetu alifurahi kufananishwa na watu wema. Tangu siku ile aliona haya kulalamika. Hata vidonge vya maumivu aliviacha akavificha chini ya mto, kwani alidhani kumeza ni upungufu wa imani. Usiku alitafuna pindo la shuka mpaka alfajiri. Asubuhi Mama akimwuliza, "Umeamkaje, mwanangu?" jibu lilikuwa moja, "Alhamdulillah, sijambo."

Wiki ya tatu tundu moja la chuma lilianza kutoa maji ya njano. Mgonjwa alijua, akanyamaza. Kaka, ambaye ndiye aliyesafisha mguu, alisikia harufu, naye akanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu kila ulipozungumzwa mguu ule, yeye alihofia mazungumzo yasije yakafika kwenye breki. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Alipaka dawa, akafunga bandeji safi, akajiambia kuwa kesho itakuwa afadhali. Ni kesho ile ile ya mipira ya breki.

Siku nne zikapita hivyo. Usiku wa tano Bibi alikuja kubadilisha shuka, akaugusa mguu wa mjukuu wake, akaukuta unawaka moto. Akafungua bandeji mwenyewe. Hakutugombeza. Alisema maneno mawili tu, "Mficha maradhi," akaenda kumwamsha Baba. Methali ile sote tunaijua inavyomalizika.

Mgonjwa alirudishwa chumba cha upasuaji. Chuma kimoja kilitolewa na kuhamishwa, usaha ukasafishwa, na tukarudi wodini kama siku ya kwanza. Daktari alituambia wazi kuwa vijidudu vikiingia ndani ya mfupa huenda vikakaa miezi au miaka, na wapo waliopoteza mguu kwa sababu hiyo. Wa kwetu, kwa rehema za Allah, ulikuwa bado haujafika huko. Mwezi wa Ramadhani uliandama tukiwa hospitalini.

Siku hizo ndizo mgonjwa alizovunjika moyo. Alisema amerudishwa nyuma wiki tano, juzuu alizohifadhi zinampotea, na wenzake wanaswali Tarawehe yeye amelala. Jambo kubwa zaidi hakulisema. Alikuwa ameacha kuswali. Nguo zilikuwa na damu, hakuweza kutawadha wala kusimama, akaona swala ya namna hiyo haifai kupelekwa mbele ya Mola.

Maalim wetu alikuja kumzuru siku ya tatu ya Ramadhani. Alimwuliza hali, mgonjwa akajibu kama kawaida yake. Maalim akavuta kiti karibu.

"Mwanangu, mimi sikuja kusikia alhamdulillah ya mdomoni peke yake. Unaumwa?"

"Naumwa, Maalim." Hapo machozi yakamtoka.

"Nani katika Mitume aliyesifiwa kwa subira ya maradhi?"

"Nabii Ayyub, alayhi salaam."

"Alinyamaza?"

"Hapana, Maalim. Alimwomba Mola wake, akamtajia madhara yaliyomgusa."

"Na Nabii Yaqub aliyeahidi subira njema, hakulia?"

"Alilia mpaka macho yake yakaharibika."

"Na huyo Urwa wanaokusimulia, aliuficha mguu chini ya shuka? Matabibu waliuona, wakamshauri, akawakubalia. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Subira, mwanangu, ni kutomkasirikia Allah na kutofanya aliyoyakataza. Kumwambia daktari ‘hapa panauma’ hakukutoi katika subira. Kumficha ndiko kunakoweza kukuingiza katika kujiangamiza."

Kaka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alipoyasikia hayo hakuweza kuvumilia tena. Mbele ya Maalim alieleza habari za pesa ya breki, na habari za harufu aliyoisikia akanyamaza. Tulidhani Maalim atamkemea. Yeye alimtazama mgonjwa tu, kana kwamba haki ya kusema ni yake.

Mgonjwa akasema, "Kaka, nilijua breki ni mbovu. Nilikuona ukisimamisha baiskeli kwa kiatu. Nami nilipanda."

Tuliombana msamaha pale pale. Jioni kaka alimweleza Baba na Mama yote. Walihuzunika, lakini tangu siku ile nyumba yetu ilipata nafuu kabla ya mguu kupata nafuu.

Maalim alimrudishia mgonjwa swala yake. Alimkumbusha Hadithi ya Imran bin Husein (R.A.) iliyopokewa na Bukhari: Imran alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Alimfundisha, kwa madhehebu yetu ya Shafii, kuosha viungo vizima, kupangusa juu ya bandeji na kutayamamu kwa ile sehemu isiyofikiwa na maji. Kaka alileta udongo safi wenye vumbi ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, tukaliweka mbali na kidonda. Ama saumu, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine; naye alizilipa zote mwaka uliofuata kabla ya Shaaban kwisha. Pia Maalim alimpa bishara iliyomo katika Hadithi sahihi, kuwa mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Basi Tarawehe alizozizoea hazikumpotea.

Ndugu wasomaji, mitihani haikuishia hapo. Vyuma vilitolewa mwezi wa Juni, akafungwa plasta, na plasta ikafunguliwa Agosti. Tulidhani siku hiyo atatembea. Lakini shavu la mguu lilikuwa limekonda kama mkono wa mtoto, na kifundo hakikukunjika. Aliposimama alianguka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatueleza kuwa msuli usiotumika hupungua na kiungo kilichofungwa hukakamaa, na kwamba dawa yake ni kidogo kidogo kila siku. Alizungusha taulo kwenye wayo akaivuta kuelekea kwake, na katika kila mvuto alisoma sura moja fupi ya Juzuu Amma. Kwa njia hiyo alifanya mazoezi na murajaa kwa pamoja. Alijifunza ngazi kwa magongo: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na magongo. Siku nyingine alipiga hatua kumi, siku ya pili yake sita. Alilia, akasema "inauma", akapumzika, akaendelea. Hakuna aliyemwambia kuwa hana subira.

Katika Maulid ya mwezi wa Mfungo Sita 1444, Oktoba 2022, alikuja madrasa kwa miguu yake na fimbo moja. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kidogo, na siku za baridi humkumbusha. Alhamdulillah kwa kila hali, na safari hii haikuwa ya mdomoni.

Kwa ufupi tunapenda kuwausia haya:

Kwanza, mgonjwa ameze dawa za maumivu kwa saa na kipimo alichoandikiwa, si zaidi wala pungufu. Dawa inayotangulia maumivu hufanya kazi kuliko inayoyafukuzia. Mwenye nafuu hulala, huchezesha viungo na hupona vizuri zaidi.

Pili, dalili mbaya isisubiri kesho. Usaha, harufu, homa, vidole baridi au vyenye ganzi, na maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, yote hayo yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, swala haimwachi mgonjwa akili ikiwepo, ila Allah ameifanya nyepesi. Mwulizeni mwalimu kabla ya kuacha.

Nne, enyi mnaozuru wagonjwa, msisifu ukimya wao. Waulizeni wapi panauma, kisha waombeeni dua. Na enyi wazazi, mtoto akisema "sijambo" mara nyingi mno, fungueni bandeji mtazame.

Tano, mwenye kumwuguza mwenzake naye ana maumivu yake. Akiwa na jambo moyoni alitoe mapema, kwani siri yake inaweza kumdhuru mgonjwa kuliko kidonda.

Baiskeli ile bado tunayo. Mipira ya breki kaka aliinunua kwa pesa aliyoipata kwa kuuza madafu, na kila anayeipanda huijaribu breki kwanza hapo uani, Bibi akiwa anatazama.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri waliotuhudumia, na atujaalie subira aipendayo Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.