Mwaka mmoja wa nyaya, kaunta buku na uongo wa siku mbili

Najua nimepotea, lakini si mnajua tena mambo ya mwaka wa tatu: ripoti ya mazoezi ya kufundisha, testi mbili kwa wiki, na bumu lenyewe likiingia linapita kama mgeni wa njiani. Leo nimejificha hapa kimbwetani tangu saa kumi jioni, nimeliweka mbele yangu lile kaunta buku langu la kwaya mbili, na nimelisoma lote kuanzia mwanzo. Limetimiza mwaka. Nikaona si vibaya niwasimulie kilichomo, maana wengi mnaniona tu na nyaya begani na hamjui nilikuwa nahangaika na nini.

Ukurasa wa kwanza ni wa Novemba 2024. Nimeandika hivi: "Leo nimenunua kompyuta inayolingana na kitambulisho cha chuo. Elfu sabini. Rumeti anasema nimepigwa." Hiyo ndiyo Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 ili watoto wajifunze kuandika programu bila kumaliza mfuko wa mzazi. Niliinunua kwa kaka mmoja wa uhandisi aliyekuja kwenye mahafali na kuamua kuuza kila kitu alichokuwa nacho. Mimi nasomea ualimu wa fizikia na hesabu, sijawahi kukaa darasa la uhandisi hata siku moja. Nilichokuwa nacho ni ubishi tu.

Basi bwana, wiki tatu nzima ile kitu haikukaa sawa. Inawaka, inafika katikati, inazima. Kwenye kona ya skrini kinatokea kialama cha radi cha njano. Nikabadilisha programu mara nne. Nikailaumu memori kadi. Nikamlaumu na yule kaka wa uhandisi, Mungu anisamehe. Kumbe ile radi inasema jambo moja tu: umeme unaonifikia ni mdogo. Ikishuka chini ya volti 4.63 inalalamika. Na mimi nilikuwa naichaji kwa waya wa simu wa elfu moja niliouokota chini ya kitanda! Nikanunua waya mnene na mfupi pale Kariakoo, radi ikapotea siku hiyo hiyo. Kwenye kaunta buku nimeandika kwa herufi kubwa: ANGALIA WAYA KWANZA. Wiki tatu za maisha yangu zimo ndani ya maneno hayo matatu.

Likizo ya Februari nikaenda nayo nyumbani Iringa, na huko nikataka kumfurahisha mama. Nikatengeneza kitotoleshi cha vifaranga: boksi, balbu mbili, kipima joto na Arduino ya kuwasha na kuzima balbu joto likae kwenye nyuzi 37.5. Mayai 24. Kuku anaatamia siku 21, mimi nikajiona nimemzidi akili kwa sababu ninayo grafu. Usiku wa siku ya kumi na mbili umeme ukakatika mpaka asubuhi, na sikuwa na betri ya akiba. Vilianguliwa vifaranga vitano. Mama alivihesabu, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kuku wangu hana waya lakini ameangua tisa kati ya kumi." Sikuwa na la kujibu.

Hayo yote nayacheka sasa. Kuna kurasa mbili siwezi kuzicheka, na kwa kweli ndizo zilizonifanya niandike leo.

Rumeti wangu ni mtu wa Kigoma. Sitamtaja jina, wanaomjua wanamjua, na nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Mama yake alifariki mwaka 2021, wakati yeye yuko kidato cha sita. Mama hakuwa mtu wa kuandika ujumbe, alikuwa akipiga simu, na ile simu ya Kichina aliyokuwa nayo rumeti ilikuwa na uwezo wa kurekodi maongezi. Kwa hiyo kwenye memori kadi ya ile simu kulikuwa na sauti ya mama, maongezi kama arobaini hivi. Simu ilipokufa alibaki na kadi. Mwezi wa nne akaniletea, akaniambia, "Kaka, wewe si fundi bwana, nihamishie hizi kwenye laptopu zisije zikapotea." Zisije zikapotea! Ndivyo alivyosema.

Nikaiweka mezani. Pale mezani palikuwa na kadi yangu ya Raspberry Pi, GB 8, nyeusi. Ya kwake GB 8, nyeusi. Saa sita usiku nimechoka, nataka kuweka upya programu kwenye kadi yangu, nikachomeka kadi, nikabonyeza "andika", kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika kwamba kila kitu kitafutwa. Nikabonyeza ndiyo. Iliponiambia imemaliza nikachomoa, na hapo ndipo nikaona kikwaruzo pembeni. Kadi yangu haikuwa na kikwaruzo. Kadi yangu ilikuwa bado mezani.

Sijui niwaelezeje ule ubaridi. Ulianzia tumboni ukashuka mpaka miguuni. Rumeti alikuwa amelala pale pale, mita mbili kutoka nilipokaa.

Asubuhi akaniuliza. Nikamwambia, "Kadi imekufa, kaka. Haisomi." Ulikuwa uongo mwepesi sana, maana kadi hufa kila siku na hakuna anayeshangaa. Akakaa kimya, kisha akasema, "Basi, ndivyo Mungu alivyopanga. Itupe tu." Halafu akaniambia asante kwa kujaribu. Asante! Kwenye kaunta buku siku hiyo nimeandika sentensi moja tu: "Leo nimemsingizia Mungu."

Siku mbili sikula vizuri. Tulikwenda kafteria pamoja, tukapiga msuli pamoja, na kila akinichekea nilijiona mwizi. Kadi sikuitupa. Ilikaa ndani ya soksi, kabatini. Usiku wa pili nikaanza kusoma, na nikajifunza jambo ambalo ningelijua kabla ya kujiita fundi: kuandika juu ya kadi hakufuti kila kitu. Programu niliyoiandika ilikuwa kama GB 2 na ushee, ikaketi mwanzoni mwa kadi. Kilichokuwa chini yake kimeondoka moja kwa moja. Kilichokuwa mbele yake kipo, ila orodha ya kuonyesha nini kiko wapi ndiyo imepotea. Ni kama maktaba iliyochomwa katalogi na rafu chache za mbele, vitabu vingine vimesimama tu bila anwani.

Ila nisingeweza kuifanya kazi hiyo kwa siri. Ningezipata sauti halafu niseme nini, kadi imefufuka? Na nikizikosa je, nikae nayo maisha yangu yote? Asubuhi nikamwita hapa hapa vimbwetani, nikamwambia yote. Nikasema, "Kadi haikufa. Niliifuta mimi, kwa uzembe, halafu nikakudanganya."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akasema, "La kufuta naweza kulielewa. Hili la pili ndilo silielewi." Akaondoka. Usiku ule alilala chumba cha watu wa kwao Mabibo, na usiku uliofuata, na mwingine.

Mimi nikaanza kazi. Kwanza nikapiga nakala ya kadi nzima kwenye laptopu, ili kadi yenyewe isiguswe tena. Halafu nikaipitisha ile nakala kwenye PhotoRec, programu ya bure inayotafuta mafaili kwa kuangalia yanavyoanza, haitegemei orodha. Ilizunguka zaidi ya saa moja. Ikatoa mamia ya vitu: picha, vipande vya nyimbo, vitu visivyoeleweka. Na ikatoa mafaili ya sauti kumi na saba. PhotoRec hairudishi majina, kila faili linapewa namba tu, kwa hiyo hakuna namna ya kujua kilichomo mpaka ulisikilize. Nililifungua la kwanza, nikasikia mwanamke anasema "Haloo", nikalifunga haraka. Nilihisi nimeingia chumbani kwa mtu bila hodi.

Nikampigia. Hakupokea. Nikamwandikia: "Zipo kumi na saba. Sijazisikiliza. Ni zako." Alikuja baada ya nusu saa, akavaa vipokea sauti, akanipa mgongo. Mbili zilikuwa zimeharibika. Kumi na tano nzima. Za zamani zaidi, zile za alipokuwa kidato cha tano, zilikuwa mwanzoni mwa kadi, na hizo nimezifuta mimi, hakuna programu duniani itakayozirudisha. Alisikiliza mpaka giza likaingia. Alipomaliza akanipa kimoja cha vile vipokea sauti, akanisikilizisha moja. Mama anauliza kama amekula. Anajibu amekula. Mama anauliza amekula nini. Basi, dakika nne za ugali na dagaa, Kiswahili na Kiha humo humo. Tulilia wote wawili, niseme ukweli tu.

Zile kumi na tano sasa ziko sehemu tatu: laptopu yake, flashi iliyoko kwa dada yake Kigoma, na moja kwangu, kwa maneno yake mwenyewe, "ili na wewe ukumbuke." Ninakumbuka. Na siku hizi kila kadi inayofika mezani kwangu inabandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe kabla sijafanya lolote.

Julai nikaenda mazoezi ya kufundisha, shule ya kata moja mkoani Morogoro, fizikia kidato cha pili. Nikabeba Raspberry Pi yangu, nimeiwekea Wikipedia ya Kiswahili kwa kutumia Kiwix, ile programu inayokuwezesha kuisoma bila intaneti. Skrini niliazima kwa mwalimu wa zamu. Mnajua sekondari zetu masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na darasa langu wiki ya kwanza lilikuwa kimya kama msibani. Siku tuliyofika kwenye umeme na ukinzani nikawasha ile kompyuta kwa ule waya wangu wa elfu moja. Radi ya njano ikatokea. Nikawauliza, kwa Kiswahili, kwa nini? Tukapiga hesabu ubaoni: waya una ukinzani wa omu 0.3, unapitisha ampea 2, kwa hiyo unakula volti 0.6. Kati ya volti 5 zinabaki 4.4. Darasa likalipuka! Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, wewe ulijuaje?" Nikamwambia nilihangaika wiki tatu kwa kuwa sikuangalia waya. Wakacheka, na tangu siku hiyo wakaanza kunyoosha mikono, hata wakikosea.

Baada ya kipindi walipanga foleni kwenye ile skrini, na unajua walitafuta nini? Kata zao. Kila mmoja alitaka kuona kata yake. Kurasa zenyewe fupi, mistari michache tu: wilaya gani, wakazi wangapi, msimbo wa posta. Lakini mtoto akiona jina la kwao limeandikwa pale, anaita wenzake waje waone.

Sasa nikifunga hili kaunta buku najiuliza nimepata nini mwaka huu. Kifedha, hasara. Vifaranga vitano. Waya mmoja mzuri. Lakini nadhani nimejifunza kazi yangu ya ualimu zaidi kwenye zile kurasa mbili za mwezi wa nne kuliko kwenye moduli nzima ya saikolojia ya elimu, na mwalimu wangu wa moduli hiyo anisamehe. Mwanafunzi akikosea mbele yangu, na atakosea, naomba nikumbuke ule ubaridi wa tumboni, na jinsi uongo ulivyokuwa karibu na mdomo kuliko ukweli. Nimwachie nafasi ya kusema.

Rumeti amepita hapa sasa hivi kuniuliza kama nakuja kula. Ameniuliza nimekula nini mchana, akacheka mwenyewe.

Kesho nanunua kaunta buku jingine. Tuombeane heri kwenye UE, wapendwa. Na hizo picha na sauti za wazee wenu, ziwekeni sehemu mbili. Leo, siyo kesho.