Ukuta Ulioziba Pumzi

Nilizaliwa kwenye tembe, Ugogoni, Dodoma. Kila mwaka kabla ya mvua, mama alipanda juu ya paa akakandika nyufa kwa viganja, nami nikimpandishia udongo kwa ndoo. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ujenzi, lakini nilipovuka kwenda Zanzibar kutafuta kibarua sikumwambia mtu. Nilitaka kuitwa fundi wa simenti.

Mji Mkongwe ulikuwa umekwishaingia kwenye Urithi wa Dunia, tangu mwaka 2000, na nyumba ya pale haiguswi bila kibali cha mamlaka ya uhifadhi wa mji. Tuliyopewa sisi ilikuwa ya ghorofa mbili, kuta nene za mawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Vyumba vyote vyembamba, maana upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti. Mwenye nyumba alitaka jiko jipya na choo cha ndani. Ukuta wa choo nikapewa mimi. Nikaupiga lipu ya simenti, nikaulainisha mpaka ukang'aa.

Ulimaliza masika moja tu. Maji yalipanda kutoka chini, yakakosa pa kutokea, chumvi ikaisukuma lipu ikabanduka mapande kwa mapande na kung'oa chokaa ya zamani.

Fundi mkuu, mzee wa Malindi, hakunigombeza. Aliuchukua mkono wangu akaubandika pale palipobanduka, pabichi.

"Mwanangu, ukuta huu unapumua. Umeuziba pua."

Tulirudia kwa chokaa iliyolowekwa shimoni kwa miezi, tabaka jembamba juu ya jembamba. Nilimkumbuka mama: udongo wake nao ulikunywa maji ukayatoa.

Nilirudi Dodoma mwaka 2017, Serikali ikihamia na nyumba za zamani zikivunjwa kupisha ghorofa. Iliniuma. Mama mmoja wa mtaa wa Uhindini akakataa kuvunja nyumba ya babu yake, duka mbele, makazi nyuma; akaniita nimwongezee vyumba viwili uani. Sikufunga ukuta mpya na wa zamani kwa nondo. Niliacha mwanya wa vidole viwili.

"Fundi, mbona umeniachia ufa?"

"Nyumba mpya hutitia, mama. Ikishikana na ya babu itaivuta."

Mvua za kwanza vyumba vipya vilishuka kama unene wa kidole. Ukuta wa babu haukupata hata mstari.