Pale Reli Zinapoungana

Likizo zangu za utotoni zilianzia nyumbani Janga na kuishia Soga, kwa mjomba wangu aliyekuwa kwenye gengi la Reli ya Kati. Alfajiri alishika njia na spana ndefu na nyundo, nami nyuma yake. Reli yenyewe aliipita tu. Alisimama kwenye maungio, pale ncha mbili zinapokutana zikabanwa ubavuni kwa vipande vya chuma na bolti. Anagonga, anasikiliza. Bolti iliyokaza ililia; iliyolegea ilikohoa.

"Chuma hakina maneno mengi, mjomba," aliniambia. "Maneno yote yako hapa."

Reli ile ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro 1907. Kwenye maungio huachwa mwanya ili chuma kipate pa kutanukia juani. Kwa hiyo ungio sharti libane, na sharti liteleze kidogo. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoninyima usingizi nilipokuwa mhandisi.

Chuoni tulifundishwa kwamba ukizidisha nguvu mara mbili, mtetemo nao unazidi mara mbili. Niliamini. Kisha nikapewa fremu ya mashine, vyuma vilivyofungwa kwa bolti, nami nikaikokotoa kana kwamba imechomelewa. Tulipoigonga taratibu, mlio ulikaribia hesabu yangu. Tulipoigonga kwa nguvu, mlio ulishuka, ukafa upesi. Siku nzima nilirudia kupima nikidhani kifaa ni kibovu. Kumbe bolti zilikuwa zinateleza kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na msuguano huo ulikuwa unameza mtetemo na kuilegeza fremu nzima.

Kukokotoa kila nukta ya fremu pamoja na utelezi wake kuliifanya kompyuta yangu ikeshe bila jibu. Kilichoniokoa ni njia ya wahandisi Craig na Bampton ya mwaka 1968: gawa muundo vipande, ndani ya kila kipande teua maumbo machache ya mtetemo, mengine yaache, lakini nukta za mpakani, vipande vinapogusana, zibaki zote. Hapo mpakani nikaweka springi na vitelezi vya msuguano, kwa wazo alilolieleza mhandisi Iwan mwaka 1966. Milinganyo elfu kadhaa ikabaki makumi. Grafu ya hesabu ilipolalia ile ya vipimo, nilimkumbuka mjomba akiipita reli bila kuitazama. Alikuwa ameshafupisha yote, akabakiza maungio.

Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwenye njia mpya, nami nikampandisha mjomba. Reli za njia hii zimechomelewa. Ule mlio wa magurudumu, ta-ta, ta-ta, tuliolala nao Soga, haupo tena. Alikaa kimya njia nzima, kiganja juu ya ukingo wa dirisha.

Tuliposhuka aliitazama njia kwa muda mrefu.

"Sasa wanagonga wapi?"

Nikamwonyesha klipu zinazoikaza reli kwenye mataruma ya zege, na mpira ulio chini yake, ambao kadiri unavyokandamizwa ndivyo unavyozidi kukakamaa. Akainama, mkono mgongoni, akaanza kuzihesabu.