Paneli Haina Shida, Shida Ni Kivuli

Betri ikikufa, kila mtu anakuambia kitu kimoja: ongeza paneli. Fundi anasema hivyo, muuzaji naye (huyo tunamwelewa), hata jirani ambaye hajawahi kushika waya. Mimi nakataa.

Dadangu ana trela ya chakula hapa Pioneer, ile ya kuvutwa na pickup. Chipsi anapikia gesi, lakini taa, spika na blenda ya juisi zinategemea betri moja ya volti 12, 100Ah, na paneli ya kubebeka ya wati 100. Pale anapoegesha hakuna stima. Betri ya kwanza haikumaliza miezi sita. Ya pili amenunua na pesa ya chama, na chama kinataka pesa yake kila wiki, betri iwe hai au maiti.

Sasa tupige hesabu, wasee. Betri hiyo ikijaa ina kama watisaa 1,200. Lakini ni ya asidi, na ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua polepole. Kwa hivyo yako ni 600 tu. Paneli nayo haitoi wati 100 kutwa nzima. Siku poa, ukitoa zile zinazopotea njiani, unapata kama 350. Matumizi je? Taa nne za wati 5 kwa saa tano, 100. Spika ya wati 30 kwa saa sita, 180. Blenda ya wati 300, ukijumlisha dakika zake zifike nusu saa, 150. Simu kumi za watu, kama 150. Hiyo ni 580. Kila siku anakopa 230 kwa betri, na jioni ya tatu tayari iko chini ya nusu.

Na hizo 350 zenyewe hazipati. Trela iko chini ya mti kwa sababu wateja wanapenda kivuli, na paneli imelala juu ya paa ya trela. Seli za paneli zimeunganishwa kama foleni: tawi moja likifunika chache tu, zote nyuma zinakwama. Wewe unaona paneli iko nje, unadhani inachaji. Wapi!

Paneli ni ya kubebeka, si ibebwe? Trela ibaki kivulini, paneli itoke juani na waya mnene wa mita kumi, kontrola ikae karibu na betri. Mnyororo na kufuli pia, maanake hii ni Pioneer, tunajuana.

Saa za kuitoa ndizo watu hupuuza zaidi. Video nyingi za haya mambo ni za Waaustralia na trela zao za kambi, na wao wanakuambia uelekeze paneli kaskazini. Huko sawa. Sisi Eldoret tuko karibu na Ikweta, jua linapita juu ya kichwa, kwa hivyo saa sita ilaze tu. Lakini katikati ya mwaka, mchana mawingu yanakuja, halafu mvua. Mtu wa hapa anajua: Julai ukianika nguo saa nane umejichezea. Jua letu ni la asubuhi. Paneli inafaa kuwa nje saa moja na nusu, imeinamia mashariki, sio kungoja saa nne trela ikifunguliwa.

Tumebaki na simu, na hapa ndipo tunakosana na dadangu. Tangu ile Agosti 25, 2023 nchi nzima ilipozima, watu wamezoea kutafuta mwenye sola. Stima ikipotea, nusu ya ploti wanakuja na chaja, na wengi hawanunui hata chipsi ya hamsini. Mimi nasema kila simu mbao, ama wachajie kwingine. Yeye anasema hao ndio wateja wake wa kesho, na kuna mama mmoja alimlindia trela wiki nzima akiwa mgonjwa, huyo atamwambiaje alipe?

Kwa huyo mama sina jibu. Kwa wale wengine tisa ninalo.

Kwa sasa amekubali mambo mawili: paneli kutoka mapema, na spika kuzimwa saa mbili usiku. Leo asubuhi, kabla jua kuipiga, multimita ilisoma 12.4. Wiki jana ilikuwa 11.9. Jumamosi kuna mechi, na ameshaahidi watu TV.