Gari la Marehemu



Nilipomaliza eda, miezi 4 na siku 10, jambo la kwanza lililonikabili lilikuwa gari la marehemu mume wangu: Toyota Corolla ya zamani, ile ambayo mafundi huiita 110, iliyokuwa imelala uani tangu siku ya mazishi. Shemeji yangu aliliwasha. Liliwaka, lakini likatetemeka kama mwenye homa, na nyuma likatoa harufu ya petroli mbichi. Mafundi wetu husema gari la namna hiyo "linamisi".

Fundi aliyeitwa alifungua boneti, akasikiliza kwa dakika chache, akatikisa kichwa. "Injini imekufa, mama. Pistoni zimelika. Liuze kama lilivyo." Mnunuzi pia alikuwa naye tayari: shilingi 90,000, taslimu.

Huenda ningalikubali lau gari lingekuwa langu peke yangu. Lakini marehemu ameacha watoto, wazazi wake walikwisha kutangulia, na madeni yake tulikwisha kuyalipa. Fungu la mjane mwenye watoto ni thumni. Katika kila shilingi 8 za gari lile, 7 zilikuwa za wanangu, na mdogo wao hata chuoni hajaanza. Usiku ule sikulala. Wangeniuliza siku moja niliuzaje mali yao kwa neno la mtu aliyesikiliza tu?

Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za bandarini Kilindini, alikuja na shemeji baada ya Alasiri. "Ami," nikamwambia, "fundi amesema injini imekufa." Akajibu, "Injini hii ina silinda 4, mwanangu. Kwanza tumjue mgonjwa ni nani katika hao wanne."

Akanieleza kuwa kila silinda hutaka hewa na petroli kwa kiasi chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo hubebwa na wenziwe, ndipo gari likatetemeka. Alichomoa waya wa plagi ya kwanza injini ikiwa imezimwa, akawasha kwa muda mfupi tu: mtetemeko ukazidi. Basi hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ya pili vivyo hivyo. Alipochomoa ya tatu, hakuna kilichobadilika. (Dada zangu, waya huo msiuguse injini ikinguruma, umeme wake ni maelfu ya volti.)

Mimi nikadhani shauri limekwisha: silinda mbovu, injini mbovu. Ami akacheka. Mwanangu mkubwa alikuwa ameshika tochi, nasi tukaona kishimo cha plagi ile kimejaa oili. Sili za kifuniko cha juu cha injini zilikuwa zimekakamaa kwa uzee, oili ikavujia ndani na kuuvimbisha mpira wa waya. Akaipangusa, kisha akabadilishana plagi: ya tatu akaitia silinda ya kwanza, na ya kwanza akaitia ya tatu. "Ugonjwa ukihama na plagi, mgonjwa ni plagi." Haukuhama.

Baada ya Isha tukazima taa ya uani, injini ikawashwa. Katika giza lile niliona kwa macho yangu cheche ndogo za buluu zikiruka kutoka waya wa tatu kwenda kwenye chuma. Umeme uliokusudiwa plagi ulikuwa ukipotea njiani. Unyevu huzidisha ila hiyo, na hapo nikakumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akililalamikia gari asubuhi za masika, na mchana akanyamaza. Nami nilikuwa nikimwambia anasumbuka bure.

Kesho yake Ami aliazima kipimo cha mgandamizo. Silinda zote nne zilikaribiana: 165, 160, 165, 160. Pistoni zilizolika hazitoi hesabu kama hiyo. Waya mpya, plagi na sili, pamoja na kuzitia, zilitugharimu shilingi 7,000.

Je, fundi wa kwanza alikusudia kunidhulumu? Siwezi kumshuhudia hivyo. Pistoni za gari kuukuu huweza kulika kweli, na dalili zikafanana na hizi. Ninalomlaumu ni kwamba hakupima, na mnunuzi alikuwa naye mfukoni.

Mwezi uliofuata shemeji alileta mnunuzi mwingine, mwalimu kutoka Kwale. Nilimweleza kuwa sili ziliwahi kuvuja, nikamwonyesha waya wa zamani, na nikamwambia kuwa mlango wa nyuma wa kulia haufunguki kwa ndani. Kwa ajili ya mlango alipunguza 5,000, akalipa 275,000. Tulipotoa gharama ya matengenezo zilibaki 268,000: 33,500 zangu, 234,500 za watoto. Shemeji aliisoma hesabu mara mbili katika daftari, akatia sahihi.

Ami alikataa ujira. Alichotaka ni mahamri na mbaazi za Ijumaa asubuhi, nami nilimpelekea zingali moto.