Kutoka Kibera Hadi Kawangware: Habari za Lord Delamere na Unga Wake

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Makina, wapika chapati wa Kibera huwa wamekwisha kukanda unga wao. Moshi wa makaa hutanda vichochoroni, na watu waendao kazini husimama kununua chapati na chai. Katika maduka yaliyo kando ya reli, pakiti za unga hupangwa juu ya rafu, na miongoni mwake zimo za kampuni ambayo jina lake ni neno hilo hilo moja: Unga. Wengi wazinunuao hawajui kwamba kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1908 na Mwingereza wa ukoo mkuu, aliyeitwa Lord Delamere.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa mwaka 1870 katika jimbo la Cheshire, akasomeshwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Baba yake alipofariki mwaka 1887, kijana huyo akarithi cheo na mali akiwa na umri wa miaka 17, akawa Lord Delamere wa tatu. Hakupenda kukaa kitako nyumbani. Alikwenda kuwinda Usomalini mara kwa mara, na huko simba alimrukia akamvunja mguu. Aliyemwokoa ni Msomali mchukuzi wa bunduki yake, Abdullah Ashur, aliyepambana na mnyama yule kwa mikono yake. Tangu siku hiyo Lord huyo alichechemea hadi kufa kwake.

Mwaka 1897 alifika nyanda za juu za Kenya akitokea kaskazini, akavutiwa mno na nchi. Mwaka 1903 akahamia, na serikali ikamkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Masharti yalikuwa alipe pauni 200 kila mwaka, na atumie pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza. Kondoo wake wakafa, kwa kuwa majani ya huko yalikosa madini. Ng'ombe wa kigeni wakafa kwa maradhi. Na ngano ikaliwa na kutu. Hakukata tamaa. Alimwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu, akatafuta ngano iwezayo kustahimili kutu, na Njoro ikaja kuwa makao ya utafiti wa ngano. Kisha akaanzisha kinu, ili ngano ya masetla ipate soko. Hicho ndicho chanzo cha kampuni ya Unga.

Lakini haifai kusimulia bidii yake pasipo kutaja ardhi ilipotoka. Bonde la Ufa lilikuwa malisho ya Wamaasai, nao walihamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911. Delamere alikuwa rafiki wa Wamaasai na aliijua lugha yao. Hata hivyo alikuwa pia kiongozi wa masetla, aliyedai kwa nguvu kwamba nyanda za juu ziwe za wazungu peke yao.

Sasa na tuirudie Kibera. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, walianza kukaa hapo mwaka 1904, wakati ule ule Lord alipokuwa akilianza shamba lake la Njoro. Mwaka 1918 serikali ilitangaza ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Wazee hao walikuwa wamepigana katika vita vya dola, lakini hawakupewa hati ya kumiliki. Miaka ilipopita eneo likamegwa kidogo kidogo, mitaa mipya ikajengwa pembeni, na watu wa kila kabila wakaja kupanga vyumba. Mwezi wa Juni mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati, nayo ni ya ekari 288 tu.

Msafiri akipita soko la Toi akafika barabara ya Ngong, aelekee magharibi hadi Dagoretti Corner, kisha apinde kulia kwa barabara ya Naivasha. Hapo ataingia Kawangware, mahali pa zogo la mikokoteni, mitumba, mboga na mabasi ya namba 46. Kwa macho, vyumba vya mabati vyafanana na vile vya Kibera, lakini ardhi yake si sawa. Hii ilikuwa nchi ya Wakikuyu wa Dagoretti, na viwanja vingi vina wenyewe walio na hati zao. Mpangaji wa Kawangware hulipa kodi kwa mwenye kiwanja. Mpangaji wa Kibera, mara nyingi, humlipa mtu ambaye naye hana karatasi ya ardhi aliyojengea.

Kaskazini ya hapo, ng'ambo ya Kangemi, ndiko Loresho. Huko ndiko Lord Delamere alikofariki tarehe 13 Novemba mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 61, akaacha deni kubwa la benki. Alizikwa Soysambu, shamba lake la karibu na Elmenteita, ambalo jamaa zake wangali nalo. Sanamu yake, iliyosimamishwa mjini Nairobi mwaka 1939, iliondolewa wakati wa Uhuru ikapelekwa huko huko shambani, na barabara iliyoitwa kwa jina lake ikawa Kenyatta Avenue.

Basi jina limeondoka barabarani, lakini unga wa kampuni yake ungali jikoni. Jioni, sufuria za ugali zinapowekwa motoni Kibera na Kawangware, hakuna aulizaye ni nani aliyeanzisha kinu. Linaloulizwa ni kodi ya mwezi, na kiwanja ni cha nani. Mtu mmoja alipewa karatasi ya ekari 100,000 kabla hajapanda hata punje moja. Askari waliokaa Kibera wakati huo walifariki bila karatasi yoyote, na wajukuu wao ndio walioipokea baada ya miaka 113.