Plagi Yangu ya Kuzungushwa

Kisa nitakachowasimulia ni changu mwenyewe, na aibu iliyomo ni yangu pia. Nimekiandika ili wenzangu wanaopenda mitambo kama mimi wapate faida kwa hasara niliyokwisha kuilipa.

Wakati wa likizo mimi hukaa Kalerwe kwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Anayeijua Kampala anajua kwamba Kalerwe iko kaskazini ya mji, nyuma ya vilima vya Mulago na Makerere, kwenye barabara ya kwenda Gayaza. Soko lake ni kubwa. Malori ya ndizi na viazi hufika alfajiri, na mvua ikinyesha sana mfereji wa Nsooba hufurika, watu wakavua viatu na kupita majini. Mjomba ni fundi wa pikipiki na injini ndogo. Gereji yake ni mwavuli mmoja, sanduku la spana, na jiwe bapa la kukalia. Lugha yetu huko ni Kiganda. Maneno nitakayoyataja hapa nimeyatia katika Kiswahili.

Kazi niliyopewa tangu utoto ni kusafisha plagi. Kwa wasioijua, plagi ni kile chombo kilichokazwa juu ya silinda, chenye kauri nyeupe mwilini. Umeme hupita katikati ya kauri mpaka kwenye ncha ya kati, ukaruka kwenda kwenye kichuma kilichopindwa pembeni, na cheche ile ndiyo iwashayo petroli. Nafasi iliyo baina ya ncha na kile kichuma ni ndogo sana, lakini mambo yote yamo humo. Ikiwa finyu mno, cheche huwa dhaifu, na masizi huiziba upesi. Ikiwa pana mno, umeme hushindwa kuruka, na mwenye injini huvuta kamba mpaka bega likamuuma.

Tena nafasi hiyo haikai ilivyo. Kila cheche hula chuma kidogo. Injini ndogo ya silinda moja ikienda mizunguko 3,600 kwa dakika, sumaku iliyo kwenye gurudumu lake hutoa cheche moja kila mzunguko, hata kama nusu yake hupotea bure. Ndizo cheche 216,000 kwa saa moja. Basi nafasi huzidi kupanuka siku hata siku. Mjomba huirekebisha kwa kugongagonga kichuma cha pembeni juu ya jiwe lake, polepole, kisha huipima kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Unene wa msumeno huo ni kama milimeta 0.6. Kipande kikipita bila kukwama, kikacheza kidogo tu, yeye husema, "Imekaa."

Mimi, niliyekuwa nimekwisha kusoma fizikia miaka kadhaa, niliona kazi hiyo ni ya kizamani. Nikajiuliza, kwa nini plagi ifunguliwe, igongwe, ipimwe, ifungwe tena? Kwa nini isiwe plagi ambayo mtu aizungusha tu kwa nje, kama anavyozungusha kifungo cha redio, na nafasi ikapungua au ikaongezeka?

Wazo hili lilininyima usingizi, na mwishowe nikalichora. Plagi za pikipiki nyingi ndogo zina upana wa milimeta 10, na meno yake yamepishana milimeta 1. Maana yake, ukiizungusha mara moja kamili huingia ndani milimeta 1. Plagi za injini za pampu na jenereta mara nyingi zina upana wa milimeta 14. Nikaona kwamba nikipata bomba fupi la chuma lenye meno ya 14 kwa nje na meno ya 10 kwa ndani, naweza kuingiza plagi ndogo ndani yake. Kichuma cha pembeni nitakikata, na badala yake nitachomea kipande cha chuma chini ya bomba. Basi nikizungusha plagi sehemu moja ya kumi ya mzunguko, nafasi itabadilika milimeta 0.1 barabara. Juu nitatia nati nyembamba ya kuikaza isilegee. Kwenye karatasi haikuwa na kasoro hata moja.

Kalerwe sikupata mtu wa kunikerezea bomba lile, nikaenda Katwe, upande wa pili wa mji, ambako mafundi wa vyuma ni wengi tangu zamani. Nililipa kwa fedha niliyokuwa nimeiweka ya kununulia viatu. Kipande cha chini nikakifanya kwa msumari, nikamwomba jirani mchomeaji wa milango anichomee. Nilipoirudisha nyumbani niliifunga katika leso kama yai.

Sasa ilibaki kuijaribu. Mjomba alikuwa ameitwa Masaka kwenye mazishi, akaniachia gereji kwa siku nne na onyo moja: "Mpwa wangu, safisha, lakini usitengeneze." Siku ya pili akaja mama mmoja anayesaga karanga sokoni. Mashine yake huendeshwa na injini ndogo ya petroli, na asubuhi hiyo ilikataa kuwaka. Nilifungua plagi nikaona nafasi imekuwa pana kupita kiasi, na hali kitabu cha injini ile chasema iwe baina ya milimeta 0.7 na 0.8. Ningeweza kuigonga juu ya jiwe na kumaliza kazi kwa dakika tano. Sikufanya hivyo. Nilitia plagi yangu.

Iliwaka kwa mvuto mmoja! Nikaizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, nikisikia sauti ya injini ikibadilika chini ya vidole vyangu. Yule mama akafurahi, akanipa kikombe cha karanga zilizosagwa, akasema, "Mwanangu, umempita mjomba wako." Maneno hayo yaliniingia kichwani kuliko yalivyostahili.

Jioni nilikwenda kuitazama tena. Nilipozima swichi, injini haikusimama mara moja. Ilikohoa, ikazunguka yenyewe mara tatu, nne, ndipo ikanyamaza. Nilidhani ni nguvu tu iliyozidi. Wasomaji, hapo ndipo nilipopewa onyo nami nisilisikie. Injini inayoendelea kuwaka bila cheche ina kitu ndani yake kilicho chekundu kama kaa la moto.

Asubuhi ya pili, kabla ya saa nne, mtoto wa yule mama alikuja mbio. Injini ilikuwa imepiga kelele kama kopo lenye mawe, kisha ikafa. Nikaenda, nikafungua plagi yangu. Msumari haukuwapo. Ulikuwa umekatika ukaangukia ndani ya silinda.

Nitasema wazi nililolifanya. Niliitia plagi yangu mfukoni, nikairudisha ile ya zamani mahali pake, nikamwambia yule mama, "Tumngojee mjomba."

Mjomba aliporudi aliifungua injini mbele ya watu. Uso wa pistoni ulikuwa umejaa mashimo kama uliodonolewa na kuku, vali moja imepinda, na pembeni kimelala kipande cha chuma kilichopondeka. Watu wa soko wakakusanyika. Mmoja akasema, "Fundi huyu ameangusha skrubu ndani ya injini ya mtu." Mjomba alikigeuzageuza kile chuma mkononi, akasema, "Nnyabo, injini hii iliharibikia mikononi mwangu. Nitaitengeneza kwa gharama yangu." Hakuuliza neno. Nami nilisimama karibu naye na ushahidi mfukoni, nikanyamaza.

Nilinyamaza usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Katika siku hizo niliona waendesha boda boda wawili, watu wa kila siku pale kwa mjomba, wakipita mbele ya mwavuli wake bila kusimama, wakaenda kwa fundi mwingine. Fundi hana shahada ukutani. Jina lake ndilo shahada yake, nami nilikuwa nalila kama cheche inavyokula chuma. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Siku ya nne alfajiri niliiweka plagi yangu juu ya jiwe lake, nikasema, "Mjomba, chuma kile ni changu." Aliitazama muda mrefu. Alipima unene wa bomba kwa kucha. Akazungusha plagi ndani yake, akaona jinsi inavyoingia na kutoka. Akasema, "Wazo si baya. Lakini mbona ulilijaribia kwenye chakula cha mtu?" Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Sasa nenda ukamwambie mwenyewe, na wale waliosimama pale wasikie."

Nikaenda. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku za mafuriko. Nilimwambia yule mama mbele ya wauza nyanya na wauza samaki, na wote wakanyamaza. Yeye hakunitukana. Aliingia ndani ya kibanda, akatoka na kinu na mchi. "Injini imekufa," akasema, "lakini wateja wangu hawajafa. Utaanza na debe hili." Nikatwanga karanga kwa siku nane, tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka mjomba alipopata pistoni na vali nyingine. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Kazi ambayo injini huifanya kwa robo saa ilinichukua nusu ya siku, na hapo ndipo nilipojua hasa nilimnyang'anya nini mama yule.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wetu wa fizikia masalio ya plagi, akanieleza makosa yangu moja moja. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za sentigredi, na chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Kinachoiokoa plagi ni kwamba joto halikai. Hutoroka kupitia mwili wake na kiti chake mpaka kwenye kichwa cha injini. Ncha ya plagi nzuri hukaa baina ya nyuzi kama 450, ili iunguze masizi yake yenyewe, na 850 hivi. Ikizidi sana, petroli huwaka kabla ya cheche. Plagi ndogo niliyoiacha ining'inie ndani ya bomba haikukaa juu ya kiti. Ilishikwa na meno peke yake. Msumari wangu ulichomewa upande mmoja tu, na joto lake halikupata njia pana ya kutorokea. Tena meno yaliyolegea kiasi cha kuzungushika huvujisha mgandamizo wa gesi. Kwa ufupi, yale yaliyoifanya plagi izunguke ndiyo yaliyoiua.

Akaniambia pia kwamba sikuwa wa kwanza. Cheche ya umeme ilitumiwa na Étienne Lenoir huko Paris katika injini yake ya gesi mwaka 1860, na mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Stuttgart, alikamilisha magneto ya umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi yake. Katika miaka iliyofuata wavumbuzi kadhaa wa Marekani waliandikisha plagi za kurekebishwa kwa skrubu. Hata hivyo plagi zinazouzwa madukani leo karibu zote bado zina kichuma kilichopindwa pembeni, kifupi, kilichochomewa imara kwenye mwili wa plagi ili kipitishe joto. Walioendelea mbele walibadilisha chuma chenyewe: wengine hutia ncha ya iridiamu, isiyoyeyuka mpaka kama nyuzi 2,450, na ambayo cheche huila polepole mno hata nafasi haihitaji kuguswa kwa muda mrefu. Mimi nilitafuta njia ya kurekebisha uchakavu. Wao walitafuta njia ya kuupunguza.

Sijaacha kuchora. Likizo iliyopita mjomba alinipa injini mbovu ya pampu isiyo na mwenyewe, akasema, "Hii ndiyo yako. Iharibu upendavyo." Nimeipasua mara mbili. Lakini injini ya mtu ikija, nakaa juu ya jiwe, nagonga kichuma polepole, nakipitisha kile kipande cha msumeno, nami humwonyesha mjomba kabla ya kufunga.

Yule mama bado husaga karanga pale pale. Waendesha boda boda wawili wale, mmoja amerudi kwa mjomba, mwingine bado. Kila nikifika Kalerwe humtazama huyo wa pili akipita.

Basi, wenzangu, buni upendavyo, lakini jaribia kwenye kilicho chako. Na ukikosea, usingoje siku nne.